Barua Iliyomfanya Mume Wangu Kapera

Kwa aliyeanza kunisoma leo: mimi ni Mokeira, mpiga chapa katika duka la Lalit mjini Kisii, mke wa Nehemiah, mama wa Mong'ina. Juma lililopita mliniacha mbele ya kompyuta, nikichapa ratiba ya harusi iliyoletwa na wateja wa Keumbu. Nilikuwa nimeshapita sala ya kufungua na wimbo wa pili, hata nimepamba pembeni kwa maua, ndipo nikafika kwenye jina la bwana harusi. Lilikuwa la mume wangu.

Niliimaliza. Wengi wameniuliza kwa nini. Ilikuwa kazi ya mteja, na vidole vyangu havikujua kufanya kitu kingine. Nilitoa nakala hamsini, nikazipanga, nikazifunga kwa raba.

Jumatatu asubuhi niliomba ruhusa, nikaenda Keumbu kumtafuta Pasta Alfayo. Yeye ndiye aliyekuwa akiitangaza ndoa hiyo kanisani kwake. Tangazo la kwanza na la pili yalikuwa yameshasomwa, na lilibaki moja, la Jumapili.

Nilimkuta barazani akipukuchua mahindi.

"Mimi ni mke wa Nehemiah," nikamwambia.

Akaniangalia kuanzia viatuni. "Nehemiah yupi?"

"Huyo unayemtangaza na Maureen, binti ya mwalimu."

Hakushtuka, na hilo ndilo lililonitisha. Aliingia ndani, akarudi na faili, akanipa barua.

Karatasi ilikuwa nyeupe, ile nzito ya dukani kwetu. Juu ilikuwa na anwani ya kanisa letu la Manga. "Nathibitisha kwamba Nehemiah ni mshiriki wetu mwaminifu, ni kapera, na hana mke wa kanisani wala wa kimila. Sioni kizuizi chochote cha yeye kufunga ndoa takatifu." Chini yake, "Wako katika utumishi," na sahihi ya Pasta Joash.

"Pasta Joash ananijua," nikasema. "Alikula kwetu siku ng'ombe za mahari zilipokuja Nyamache kwa baba. Ndiye alibariki mtoto wetu."

"Jina lako kamili nani, mama?"

"Mokeira Kerubo."

"Kazi?"

"Mpiga chapa, Kisii."

"Basi soma chini kabisa."

Chini kabisa, upande wa kushoto, kulikuwa na herufi ndogo: PJ/mk.

Asiyefanya kazi ya ofisi hatazami pale. Sisi makarani tulifundishwa hivyo: kwanza herufi za mwenye barua, kisha mkwaju, kisha herufi za aliyeichapa. PJ ni Pasta Joash. Na mk ni mimi.

"Nilikuwa karani wa mahakama kabla ya kuitwa kwa kazi ya Mungu," Alfayo akasema. "Haya mambo nayajua. Kwa hivyo barua ya kusema bwana yako hana bibi, umechapa wewe mwenyewe."

"Sikuichapa."

"Herufi ni za nani?"

"Ni zangu, lakini sikuichapa."

"Na sahihi si ya Joash?"

Ilikuwa ya Joash. Niliijua vizuri kuliko mwenyewe.

Alfayo akaifunga faili. "Alhamisi nitapanda Manga. Tutakaa na Joash na wazee wake. Ikionekana wewe ni bibi ya huyu mtu, tangazo la tatu sisomi. Ikionekana si bibi, mama, usiniletee fujo kanisani."

Nisiwadanganye kwamba nilikuwa bado namtaka Nehemiah. Nilikuwa namwonea kinyaa, yeye na mafuta yake ya nywele. Nilichokitaka ni Mong'ina. Yuko darasa la kwanza, anaishi Manga kwa nyanya yake, na mimi siku za juma nalala mjini kwenye chumba cha kupanga, Jumamosi napanda kumwona. Kwetu mtoto ni wa boma la babake. Nikiwa mke, namlea mwanangu. Nikiwa si mke, naondoka na nguo zangu, na Maureen anamwogesha mtoto wangu.

Sasa niiseme dhambi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba, mvua ya El Nino ilipokata barabara ya Manga, Pasta Joash alishindwa kushuka mjini kutia sahihi barua zake. Na barua zilikuwa nyingi. Anayehamia kanisa lingine anataka barua, anayeenda chuo anataka barua, anayeoa anataka barua, na zote nilizichapa mimi. Wakati huo huo Lalit alikuwa ameleta skana kutoka Nairobi. Wateja walidhani ni mashine ya kunyoosha karatasi zilizokunjamana.

"Weka yako kwanza," Lalit aliniambia siku tuliyoifungua. "Tuone kama inasoma."

Nikachana kipande cha karatasi, nikatia sahihi. Kipande kilikuwa kifupi, na mimi herufi yangu ya mwisho ina mkia mrefu, ukaishia juu ya meza. Skana ikapita na mwanga wake, na sahihi yangu ikatokea kwenye kioo cha kompyuta, mkia umekatika wima kama umepitiwa na wembe. Tukacheka. Tukaihifadhi kwa jina langu, hatukuifikiria tena.

Siku chache baadaye Pasta alinitumia sahihi yake kwenye karatasi safi, pamoja na ujumbe: "Jaza tu, binti yangu." Nikaiingiza. Tangu hapo barua ikitakiwa, nachapa jina la mtu, nabandika sahihi chini ya "Wako katika utumishi," naivuta juu kidogo iguse maneno ili ionekane imetiwa kwa mkono, natoa. Dakika tano. Mvua iliisha, barabara ikatengenezwa, na Pasta hakurudi kushika kalamu. Alikuwa ameonja starehe.

Mimi pia niliionja. Watu waliniletea ndizi. Waliniita Pasta Mdogo, nami nikaitika. Sikuuliza kama huyo anayehama ni mshiriki kweli, wala kama yule kijana ameacha pombe jinsi barua inavyosema. Nilijaza tu. Zilifika mia na kitu, zote na sahihi moja, nukta kwa nukta.

Nehemiah ni karani wa kituo cha kununulia majani chai kule Nyamira. Akishuka mjini alikuwa akinijia saa ya chakula. Ni mimi niliyemfundisha kompyuta. Tulianza na mchezo wa karata, ili ashike kipanya vizuri. Halafu akajua kufungua barua, kubadilisha jina, kutoa nakala. Nilimsifu mbele ya Lalit kwamba mume wangu ana kichwa chepesi.

Basi Jumatatu ile, nilipotoka Keumbu, nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Nilitafuta nusu saa. Barua ilikuwa ndani ya folda ya karata, mahali ambapo hakuna mtu angeifuata. Kompyuta haisahau: ilionyesha kwamba imehifadhiwa Jumatano, tarehe kumi na mbili Agosti, saa saba na dakika kumi na saba mchana.

Jumatano hiyo naikumbuka. Nehemiah alikuja na njaa, akasema anatamani matumbo ya kukaanga. Nilimwachia kiti changu, nikamwendea chakula hotelini, nikapanga foleni. Niliporudi alikuwa anacheza karata. Alikula pale pale, akilamba vidole, na jioni Lalit akanigombeza kwa mafuta yaliyokuwa kwenye kipanya. Niliyafuta kwa pamba na spiriti. Yaani mtu alinifuta mimi kwenye dunia, kisha nikamkaribisha mboga, kisha nikamsafishia alama za vidole.

Nilikimbilia nyuma ya duka nikatapika.

Niliporudi, Lalit alikuwa amekaa mbele ya kompyuta na miwani puani. Lalit amezaliwa Kisii, humsalimu mteja "bwakire buya" kwa Ekegusii safi kuliko vijana wetu, na hana kelele. Alikuwa anasoma ile barua.

"Usiiguse," nikamwambia. "Hiyo saa ndiyo shahidi wangu. Nataka kuitoa kwenye karatasi nipeleke Manga."

"Pasta ni wako," akasema. "Bwana ni wako. Herufi za chini ni zako. Lakini mashine ni ya nani?"

"Lalit, tafadhali."

"Polisi wakija, wataondoka na mashine gani?"

"Hakuna polisi. Ni wazee wa kanisa."

"Leo wazee. Mimi nauza karatasi na kalamu, Mokeira. Sikujua kama nauza pasta."

Akaifuta. Akafuta na sahihi ya Joash, na ile yangu iliyokuwa chini yake, akamwaga kila kitu mpaka pipa la taka la kompyuta likawa tupu. Nilisimama pale nikitazama mkono wake. Hakuwa na hasira, na hata alinikabidhi kiti kwa adabu. Nilikaa, nikachapa mtihani wa darasa la saba wa mteja mwingine.

Lilibaki tegemeo moja. Pasta Joash mwenyewe.

Jumatano nilipanda Manga. Nilimkuta mezani, na chai ya maziwa, mkate, siagi na mayai mawili. Utando wa maziwa ulikuwa umemng'ang'ania kwenye sharubu, naye alizungumza wakati wote bila kuufuta. Nilijaribu kutazama pengine, lakini macho yalirudi pale pale.

"Pasta, uliandika barua ya kusema Nehemiah ni kapera?"

"Barua gani hiyo?"

Nikamweleza yote. Alimega mkate, akauchovya, akala taratibu mpaka nikamaliza.

"Sikuandika," akasema.

Nikashusha pumzi. "Basi kesho utawaambia hivyo."

"Hapana."

Nilidhani sijamsikia.

"Fikiri, binti yangu. Nikisema ile si yangu, Alfayo atauliza sahihi ilifika aje pale. Nitasema ni mashine. Atauliza mashine imetoa barua ngapi. Wewe unajua ni ngapi?"

"Mia na kitu."

"Mia na kitu. Kuna waliooa. Kuna walio vyuoni. Kuna watatu wameajiriwa. Zote zitakuwa takataka, na askofu atataka kujua mimi nilikuwa wapi."

"Ulikuwa wapi, Pasta?"

Akapiga funda la chai.

"Kuna njia," akasema. "Kesho nasema barua ni yangu, lakini Nehemiah alinidanganya kwamba mliachana. Sasa nimejua ukweli, naiondoa. Ndoa inasimama, wewe unabaki bibi yake, mtoto anabaki wako. Lakini Alfayo ni mtu wa kortini, atauliza juu ya mashine. Akiuliza, wewe ndiye fundi. Sema sahihi iliyo kwenye mashine ni ya mwenyewe, sawa na ya mkono. Ni hayo tu."

"Huo ni uongo."

"Uongo wapi? Si nilikupa kwa mkono wangu? Si nilisema jaza tu?"

Hapo ndipo nilipomchukia zaidi, kwa sababu alikuwa na nusu ya ukweli mdomoni, pamoja na mkate. Nilimtazama mtu aliyembariki mwanangu, nikaona hana tofauti na Nehemiah. Mmoja aliiba sahihi, mwingine aliitupa barabarani. Na mimi nilikuwa katikati yao nikipokea ndizi.

Lakini nilimfikiria Mong'ina. Nikasema ndiyo.

Akanyanyuka aniombee. Akaniwekea mkono kichwani, na vidole vilikuwa na siagi. Nilipotoka nilishuka mtoni, nikaosha nywele kwa maji baridi mpaka shingo ikafa ganzi. Harufu haikutoka.

Alhamisi saa nane tulikaa kanisani, mabenchi mawili yakiangaliana. Pasta Alfayo alikuwa na faili yake, Pasta Joash na Biblia, na wazee wa kanisa walikuwa watatu, mkubwa wao Mzee Manasseh. Nehemiah alivaa suti. Alikuwa ameng'aa, amejipaka mafuta mpaka kola imelowa.

"Mama Mong'ina," akanisalimia kwa upole, "habari za mjini?"

Nikakaa benchi lililomkabili.

Alfayo hakupoteza wakati. Alitoa barua ya Nehemiah, akatoa na nyingine, ya msichana mmoja aliyehamia Keumbu kutoka Manga mwezi wa tano. Akaziweka moja juu ya nyingine, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akatuita tuone.

Sahihi mbili zilikuwa moja. Kila kona ilikaa juu ya mwenzake.

"Mkono wa mtu hauandiki hivi," Alfayo akasema. "Hata wangu. Mama, wewe ni fundi. Hii ni mkono ama mashine?"

"Ni mashine."

Wazee wakaguna.

"Na sahihi ya mashine ni ya nani?"

Nilimtazama Pasta Joash. Alikuwa anatazama mabati ya juu. Leo sharubu zilikuwa safi.

"Ni ya mwenyewe," nikasema. "Iliyo kwenye mashine ni sawa na ya mkono."

"Hata kama hakushika kalamu siku hiyo?"

"Hata kama."

"Unasema hivyo mbele ya Mungu?"

"Nasema."

Alfayo akayaandika maneno yangu kwenye daftari, neno kwa neno, akanisomea, nikakubali. Nilihisi uchafu ukinishuka kooni, lakini nilijiambia ni kumeza mara moja tu, halafu yataisha.

Pasta Joash akakohoa. "Ndugu zangu, kama mlivyosikia, barua ni yangu. Lakini niliiandika kwa kudanganywa. Huyu Nehemiah aliniambia..."

"Sikumdanganya Pasta," Nehemiah akasema.

Alisimama. Hakupandisha sauti. Akatia mkono mfuko wa ndani wa suti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara tatu, akampa Alfayo.

"Kama nilidanganya, basi hii nayo inadanganya. Soma, Pasta."

Alfayo akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mahakama.

"Mimi, Mokeira Kerubo, kwa hiari yangu na bila kulazimishwa, nimemwacha Nehemiah na boma lake tangu mwezi wa nne mwaka huu, na sasa naishi mjini. Sina dai lolote juu yake. Mtoto wetu Mong'ina namwachia babake, wala sitakuja kumdai kesho au baadaye."

Akaigeuza ili nione. Chini kulikuwa na sahihi yangu.

Haikuwa imeigizwa. Ilikuwa yangu kabisa, ile ya siku ya kwanza, ya kipande cha karatasi, nilipokuwa nacheka na Lalit. Mkia ulikuwa umekatika wima. Lalit alikuwa ameifuta Jumatatu, lakini Nehemiah alikuwa ameshaondoka nayo kwenye disketi, na disketi hiyo nilimpa mimi, mpya, abebee mchezo wake wa karata.

"Sikuiandika hiyo," nikasema. "Imetoka kwenye mashine. Tazameni mkia, umekatika. Mimi nikiandika kwa mkono mkia unafika mwisho."

Mzee Manasseh aliichukua, akaisogeza karibu na jicho lake zima. "Bono, sasa mama, unasema hii sahihi ni ya mashine?"

"Ndiyo, mzee."

"Ni ya mashine, na jina ni lako?"

"Ndiyo."

"Si umetuambia sasa hivi kwamba ya mashine ni ya mwenyewe?"

Alfayo alifungua daftari, akaweka kidole juu ya maneno yangu.

Nikamgeukia Pasta Joash. Alijua. Alijua kwamba sijamwacha mtu, kwamba kila Jumamosi napanda Manga na sukari ya mama mkwe kichwani na kila Jumapili nakaa kwenye benchi lake la tatu. Ilibaki aseme neno moja.

Niliona uso wake ukilegea polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba deni lake limelipwa na mwingine.

"Kama mke alikuwa ameshaondoka," akasema, "basi barua yangu haikuwa na makosa. Sina haja ya kuiondoa."

Kisha akaifungua Biblia, akajifanya anatafuta mstari.

Nimewahi kusafisha mtoto aliyeharisha, nimewahi kukosha maiti ya shangazi yangu. Sijawahi kuona kinyaa kama nilichokiona kwa mkono ule ukigeuza kurasa.

"Nendeni kwa mama yake Nehemiah," nikawaambia wazee. "Ni nyumba ya tatu kutoka hapa. Muulizeni kama nimeondoka. Mtoto wangu yuko pale, muulizeni mtoto."

"Mtoto hayuko pale," Nehemiah akasema.

Nikamtazama.

"Nimemtoa shule asubuhi. Yuko Keumbu kwa Maureen. Analia kidogo, lakini atazoea."

Nilisimama. Sijui nilitaka kumfanya nini. Mzee Manasseh alinishika mkono akaniketisha, na kusema kweli alinishika kwa huruma.

Alfayo ndiye pekee aliyekuwa bado ananitazama usoni. Alichana ukurasa safi kwenye daftari, akauweka kwenye benchi mbele yangu, akatoa kalamu mfukoni, akaondoa kifuniko.

"Mimi mashine siijui," akasema. "Mkono naujua. Mama, tia sahihi hapa, tuilinganishe na hii. Baada ya hapo nitaamua juu ya Jumapili, na juu ya mtoto pia, kwa sababu yuko katika kanisa langu."

Kalamu ilikuwa ya wino mzito, ya mahakamani.

Nikiandika kama ninavyoandika siku zote, italingana, nao watasema ni yangu. Nikiandika tofauti, watasema mwanamke huyu ni mwongo, anauficha mkono wake, na tayari daftari lina uongo wangu mmoja. Mkia nikiuvuta wote, tofauti itakuwa urefu wa kidole kimoja tu cha wino. Nani atampa mtu mtoto kwa kidole kimoja cha wino?

"Andika tu," Nehemiah akasema nyuma yangu. "Si jina lako?"

Pasta Joash aliacha kugeuza kurasa. Nikaishika kalamu, nikaandika M, na wote wakainama kutazama.